Ng'ambo ya Mto Soar

Korongo wa matete alikuwa hatua hamsini kutoka pale nilipochuchumaa, na nilimwona vizuri kwa darubini. Shingo ameinyoosha juu, mwili wote michirizi ya kahawia, amesimama tuli akijifanya na yeye ni tete. Moyo ulinienda mbio. Na hakunifaa kitu! Alikuwa ng'ambo ya mto Soar, na ng'ambo ya Soar ni Nottinghamshire, kaunti nyingine.

Mimi ni Beryl Peberdy wa Leicestershire, dereva wa basi mstaafu, miaka sabini na mitatu. Siku hiyo ilikuwa tarehe thelathini na moja Desemba, saa tisa alasiri, na jua letu la Desemba huzama saa kumi. Ndege yule alipaswa kuvuka mto kabla ya giza. Asipovuka, jasho langu la mwaka mzima limekwenda bure.

Katika chama chetu cha ndege kuna rekodi moja ambayo watu huitaja kwa heshima: aina mia moja sabini na moja, ndani ya kaunti yetu, ndani ya mwaka mmoja, kwa miguu na baiskeli tu, kuanzia mlangoni kwako. Kumwona ndege kunahesabiwa, kumsikia pia kunahesabiwa. Lakini akiwa nje ya mpaka, hata kwa unyoya mmoja, huyo si wako. Rekodi ni ya Cedric Wakerley. Ameikalia miaka ishirini na miwili kama kuku anayeatamia, na kwa bahati yangu mbaya ndiye mtunza kumbukumbu wetu. Chochote ukionacho, yeye ndiye anayekubali au kukataa.

Kwa nini niliitaka uzeeni hivi? Kwa sababu Desemba ya mwaka uliotangulia daktari wa macho aliniambia kwamba macho yangu yanachakaa katikati, na baada ya mwaka mmoja au miwili huenda nisiitambue sura ya mtu niliyekaa naye meza moja. Sikumwambia mtu yeyote. Siku ya mwaka mpya, kabla hata kifungua kinywa, nilipanda baiskeli nikaenda kutazama bata.

Na ulikuwa mwaka kweli! Januari mabwawa yaliganda, bata wa kaskazini wakajibana kwenye kipande kimoja cha maji, nikapata aina saba kabla chai yangu ya chupa haijapoa. Februari wale ndege wenye vishungi na ncha nyekundu za mabawa walishuka kwenye maegesho ya supamaketi, wakala matunda ya mti ulio karibu na pale tunaporudisha matoroli. Nililia kwa furaha mbele za watu.

"Unalia nini, bata wangu, umeibiwa?" mama mmoja akaniuliza. Huku kwetu kila mtu ni bata, hata hakimu. Nikampa darubini, na akachelewa kumchukua mumewe kwa daktari wa meno.

Aprili, mbayuwayu! Mmoja tu, juu ya zizi la ng'ombe. Ametoka Afrika kwa mabawa yake mwenyewe, na mimi nimetoka Loughborough tu na magoti yanawaka moto. Nilimpigia vigelegele mpaka mwenye zizi akatoka na ufagio. Mei kekeo, yule anayetaga katika kiota cha mwenziwe, aliliamsha bonde lote, na hesabu yangu ikapita mia moja arobaini. Julai kimya. Ndege wanabadili manyoya na kujificha, nami nikanenepa kwa pai za nguruwe.

Oktoba ndipo tulipogombana. Kilikuwa kidege cha kijani, hakizidi kidole gumba, chenye nyusi za rangi ya malai. Kililia mara mbili juu ya mti wa makaburini, nikakiona nusu sekunde, kikaenda zake. Nilimwandikia Cedric kurasa mbili. Alinijibu mkutanoni, mbele ya watu thelathini.

"Umekiona nusu sekunde, Beryl."

"Na nimekisikia. Mlio mwembamba, unapanda mwishoni."

"Milio, milio! Siku hizi kila mtu anasikia milio."

"Wewe utasikia nini? Juzi gari la zimamoto limekupita na king'ora, ukauliza kama kuna nzi!"

Ukumbi mzima ulicheka. Cedric hakucheka. Wekundu ulimpanda hadi kwenye upara, akagusa kifaa chake cha sikioni cha kumsaidia kusikia, akafunga daftari. Kidege changu kilikataliwa. Njiani kurudi nilijuta utani ule, lakini hasira haikuniruhusu kumwomba mtu radhi.

Basi ndivyo nilivyofika siku ya mwisho ya mwaka nikiwa na mia moja sabini na moja, sawasawa na yeye, nimechuchumaa kwenye tope namkodolea macho ndege wa watu wengine. Nikasikia breki za baiskeli nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka; habari za korongo zilikuwa zimeenea chamani.

"Yuko wapi?" Cedric akauliza.

"Ng'ambo. Na usinipumulie shingoni."

Alimtazama kwa darubini yake muda mrefu. "Mzuri kweli huyu. Lakini yuko Nottinghamshire."

"Najua aliko, Cedric. Nimeendesha basi la huko miaka kumi na tisa."

"Nimekuja kuhakikisha hutupi jiwe."

"Jiwe nitakutupia wewe."

Akaketi kando yangu, akatoa pai mfukoni, akaikata nusu. Tukala bila kuyaondoa macho kwenye matete. Halafu akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Kuna daraja pale juu. Ningeweza kwenda ng'ambo, nikapiga chafya. Moja tu."

Nilimkazia macho. Huyu ndiye aliyemfukuza mtu chamani kwa kumpigia bundi makofi! "Ukimshtua ndege kwa ajili yangu, simwandiki."

"Nilijua utasema hivyo." Akapangusa makombo ya pai. "Novemba nilikusikia ukimuuliza mwenzako kama yule juu ya mti ni kunguru au njiwa. Wewe, Beryl! Ni macho?"

"Ni macho," nikasema.

"Pole. Mimi sijamsikia kekeo miaka minne. Uliponiandikia zile kurasa mbili za mlio, iliniuma sana."

"Na ule utani wangu wa nzi ulikuwa wa kijinga. Nisamehe."

Jua likagusa miti. Mwanga ulipopungua, macho yangu yakaanza kunikimbia. Matete yakawa ukungu, na katikati ya darubini nikaona doa la kijivu tu.

"Simwoni tena, Cedric. Bado yupo?"

"Yupo. Anakunja shingo. Anatikisa mabawa... Anaruka! Beryl, anaruka! Yuko juu ya maji! Kushoto, kushoto! Amevuka! Huyooo, anashuka kwenye matete yetu!"

Nilizungusha darubini huku na huku kama kichaa. Kijivu, kijivu, kijivu.

"Umemwona? Sema umemwona!"

Neno moja tu lilihitajika. Nililisikia likinisubiri ulimini.

"Sikumwona."

"Nakwambia amevuka! Mimi ndiye mtunza kumbukumbu!"

"Umemwona kwa macho yako. Yanahesabiwa yangu."

Akavua kofia, akaivaa tena. Nilikaa pale topeni na machozi yakinitoka. Nilikuwa nimeikosa rekodi, na mwakani nisingekuwa na macho ya kuitafutia.

Ndipo matete ya nyuma yetu, ya upande wetu, yakatoa sauti. Kwau! Nzito, ya kukwaruza, mara moja, kisha tena. Kwau!

Niliruka kusimama. "Umesikia?"

Cedric alikuwa anatazama mdomo wangu. "Kusikia nini?"

"Amelia! Mara mbili! Huku nyuma, kwetu!"

Alinitazama, na nikajua kwamba hakusikia kitu. Nilikumbuka ule mkutano, zile kurasa mbili, lile daftari likifungwa. Mtu mwingine wa kuthibitisha hakuwepo. Polepole akavua glavu, akatoa daftari lilelile, akaandika.

"Mia moja sabini na mbili," akasema. "Amesikika. Saa kumi na dakika nne. Umenipita, bata wangu."

Nilipiga kelele, nikarusha kofia juu, ikaangukia mtoni na kuelea kuelekea Nottinghamshire. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha Cedric akakirekebisha kile kifaa chake, akainamisha kichwa kando ya uso wangu.

"Lia kama alivyolia," akasema. "Karibu, hapa."

Nikaweka mdomo sikioni mwake, nikalia kama korongo wa matete, mara mbili.