Mashine Zote Alizozikataa Verlin

Mume wangu Verlin hakuwahi kuwa mtu wa kuchagua. Nilimpikia nyama iliyoungua, akala na kuomba nyingine. Nyumba yetu aliikubali akiwa bado hajashuka garini. Hata mimi mwenyewe, nikumbukavyo, hakunizunguka sana kabla ya kusema ndiyo. Kwa hiyo mtu huyohuyo alipoanza kukataa mashine, moja baada ya nyingine, bila sababu ya maana, nilidhani ananitafutia wazimu makusudi.

Mashine yenyewe ni ya kujazia risasi. Huku kwetu Montana watu hujaza risasi zao nyumbani kama wengine wanavyosindika nyanya. Unaokota maganda yako kwenye uwanja wa shabaha, unayasafisha, unayarudisha kwenye umbo lake, unatia fataki mpya ya kuwashia baruti, unapima baruti, unakandamiza ncha juu yake, na msimu wa kulungu ukifunguliwa una risasi zinazoijua bunduki yako. Verlin amefanya kazi hiyo kwenye gereji yetu tangu tuoane. Anajaza zake, na zangu pia, maana mimi nami huwinda, tena shabaha yangu ni nzuri kuliko yake, ingawa hilo hatuliongelei mbele za watu.

Mashine yake ya zamani ni chuma cheusi kinachobeba kalibu moja tu, kile chuma kinachoshika ganda na kulikandamiza. Ukimaliza hatua moja kwa maganda yote, unaifungua kalibu hiyo, unafunga nyingine, halafu unaizungusha kidogo kidogo mpaka ikae sawasawa. Ikipitiliza unene wa unywele, umeharibu. Na vidole vya Verlin haviwezi tena kazi ya unywele. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka majira ya baridi ya mwaka juzi. Kwanza ilikuwa kijiko, kisha vifungo vya shati. Daktari alitupa dawa pamoja na jina la ugonjwa. Verlin aliichukua dawa, jina akaliacha hukohuko hospitali. Mtu akimwuliza, husema mkono umechoka.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu. Kaka yake, Emmett, alipatwa na ugonjwa huohuo. Siku alipofunga karakana yake ya useremala alikwenda kukaa kwenye kiti mbele ya televisheni, na kwa macho yangu mimi kiti ndicho kilichommaliza. Verlin alikuwa ameshaacha kuendesha gari. Gitaa lake lilikuwa juu ya kabati, limejaa vumbi. Gereji ndiyo pekee iliyobaki, na niliapa kwamba hiyo haiachi nikiwa hai.

Ndipo nikasikia habari za mashine zenye kichwa cha duara kinachozunguka. Kalibu zako zote unazifunga mara moja kwenye kichwa hicho, unaziweka sawa, basi. Baada ya hapo hakuna kufungua wala kufunga. Unavuta mpini, unazungusha kichwa, unavuta tena. Nikajiambia dawa ya Verlin imepatikana. Sikujua kwamba ndiyo kwanza balaa linaanza.

Duka la kwanza tulilokwenda lilikuwa na muuzaji mwenye masharubu, jina lake Boyd. Huyo Boyd nilimchukia mapema. Mimi nauliza, yeye anamjibu Verlin, kana kwamba swali limetoka redioni. Lakini mashine aliyotuonyesha ilikuwa ya kumezewa mate, nzito, imara, kichwa chake kinazunguka laini. Verlin akavuta mpini mara kadhaa. Kisha akaenda upande wa pili wa mashine, usio na chochote, akainama, akapapasa chuma kwa kidole gumba kama anayetafuta ufa.

"Hii hapana," akasema.

Boyd akamwuliza ina kasoro gani. Verlin akajibu kwamba haina kasoro, ni mashine nzuri sana, angekuwa mtu mwingine angeinunua. Boyd akaleta ya pili. Verlin akavuta, akainama upande uleule, akapapasa, akashukuru. Ya tatu hakuivuta hata. Tulipoingia garini nikamwuliza kulikoni. Akaniambia nitazame barabara, kuna barafu.

Nilitazama barabara. Ningemtazama yeye tungeachana siku hiyo.

Jirani yetu Rudy Petrak naye akajitia katikati. Rudy ana dude kubwa linalofanya hatua zote kwa mvuto mmoja wa mpini, linatema risasi kama kuku anayetaga kwa hasira. Verlin huliita cherehani. Sasa Rudy, baada ya kununua dude hilo, alibaki na mashine yake ya zamani ya kichwa cha kuzunguka, imekaa tu rafuni, nayo ni ya aina ileile ya kwanza tuliyoiona kwa Boyd. Akatuambia tuichukue bure. Nilitaka kumbusu Rudy, na Rudy si mtu wa kubusiwa ovyo, ana tumbaku mdomoni muda wote.

Verlin akaizunguka, akainama, akapapasa. Akasema hapana, asante.

"Mzee," Rudy akamwambia, "unachagua mashine au unachagua mchumba?"

"Mchumba sikumchagua hivi," Verlin akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia theluji, nikawaacha hapo na kahawa yao.

Na wakati huo wote, msinifikirie nilikuwa nimekaa. Tangu mwaka jana Verlin alikuwa na mtindo mpya wa kuniita gereji. Supu iko jikoni, naye anaita, "Lorna, njoo uniazime macho." Nakwenda. Nipime baruti, yeye asimame nyuma yangu akisoma mizani. Nitie fataki. Nivute mpini. Kila nikivuta ananikosoa, kwa sababu mimi ni mtu wa kushoto, na ule mpini wa upande wa kulia unanipa shida tangu mwanzo. "Unavuta kama unakama ng'ombe wa watu," ananiambia. Namjibu kwamba ng'ombe angekuwa wangu ningekama kwa mkono ninaoutaka.

Huo ushoto wangu ni ugomvi wetu wa zamani. Mezani mimi hukaa kushoto, yeye kulia, la sivyo viwiko vinapigana na supu inamwagika. Hata tukialikwa harusini Verlin huhamisha watu tusiowajua wala wasiotujua ili tukae hivyo. Ni jambo dogo, lakini huyo ndiye yeye.

Msimu ulipokaribia nikachoka kabisa. Tulikuwa mezani, tunakula viazi na soseji, soseji yake inamkimbia kwenye sahani naye anajifanya hana njaa. Nikamwambia anisikilize vizuri. Nikamwambia amenizungusha vya kutosha, kwamba nimesimama kwenye maduka nikidharauliwa na watu wenye masharubu, kwamba amekataa mashine nzuri, amekataa mashine ya bure, na kwamba kama anataka kukaa kwenye kiti kama Emmett basi aseme nimletee na blanketi.

Jina la Emmett lilinitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Verlin akaweka uma chini.

"Ninayoitaka ipo," akasema. "Nilikuwa nahakikisha."

Akatoa katalogi chini ya rundo la magazeti, akanionyesha. Hasira zikanipanda upya. Mashine yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko zote tulizoziona. Rudy alishawahi kuisema mbele yetu, akaiita kifaa cha watu wanaoanza. Nikauliza hiyo ina nini ambacho zile nyingine hazina. Akasema nimeomba achague, ameshachagua, sasa nina shida gani tena. Niliiagiza kwa hasira, nikibonyeza vitufe vya simu kama navifinya.

Ilipofika akanikataza nisiiguse. Akaifunga mwenyewe kwenye meza ya kazi. Mimi nikabaki jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo, nasikiliza spana ikianguka. Inaanguka, kimya, tusi dogo, halafu inaanguka tena. Kila mara nilikausha mikono nikataka kwenda, na kila mara niliirudisha majini. Sahani zilikuwa zimeshatakata. Nikaziosha tena.

Mwishowe akaniita. Nikaingia gereji, nikaiona mashine. Mpini ulikuwa umefungwa upande wa kushoto. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ugonjwa umepanda. Daktari alisema kichwani unaweza kufika, siku moja, labda. Nikaona siku yenyewe imefika.

Nikajaribu kuongea taratibu. "Verlin, mpini umeufunga upande usio wake."

"Upande wake ni huo."

"Mzee, mashine zote tulizoziona mpini uko kulia."

"Ndiyo," akasema. "Na hauhamishiki. Ndiyo maana nilizikataa."

Akanionyesha kiti. Kilikuwa kigoda changu cha jikoni, ambacho nilikitafuta asubuhi nzima, amekiweka mbele ya mashine, upande wa kushoto. Akaniambia nikae.

Nilielewa hapohapo, na sikuguswa wala nini, nilikasirika. Nilimwambia mashine hii nimemtafutia yeye. Nimewavumilia akina Boyd kwa ajili yake, ili mikono yake ipate kazi. Mimi sina haja na mashine. Mimi nina jiko, nina kuku, nina mume mkaidi, nimeshiba.

"Najua," akasema.

"Sasa?"

Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama anavyofanya anapodhani simwoni, ila safari hii nilikuwa namwona na yeye anajua.

Akaniambia kwamba mwaka jana, kabla ya msimu, alikuwa akijaza risasi peke yake. Mkono ukamtikisika, baruti kidogo ikamwagika mezani, akaifuta, na alipomaliza kufuta hakukumbuka alikuwa amefikia ganda lipi. Akaendelea. Ganda moja akalitia baruti mara mbili. Aligundua kwa bahati tu, kwa sababu ncha ilikataa kukaa vizuri.

"Lilikuwa la bunduki yako, Lorna," akasema. "Si la kwangu. Lako. Ingekupasukia usoni."

Nikakumbuka supu zote zilizochemka mpaka zikakauka. Njoo uniazime macho. Tangu siku hiyo, akasema, hajajaza risasi hata moja ambayo baruti yake sikuipima mimi. Alikuwa akinifundisha, nami nilikuwa nikilalamika kuhusu supu.

"Mimi sijazi tena," akasema. "Hilo limekwisha, usinibembeleze. Lakini kwenye kiti cha Emmett siendi. Wewe utavuta, mimi nitazungusha."

Akanionyesha. Akaushika ukingo wa kile kichwa cha duara kwa mkono wake wa kulia, mkono uleule, akakizungusha. Ulitetemeka njia nzima. Lakini kichwa kilipofika mahali pake kilijigonga, tak, kikajikaza chenyewe. Hata atetemeke vipi, hakiwezi kukaa vibaya. Hilo nalo alilihakikisha kwenye katalogi kabla ya kusema chochote, wakati mimi namwita mkaidi.

"Na nikikosea?" nikamwuliza.

"Nitakugombeza."

"Hilo umeshaanza zamani."

Akavuta kiti chake, akakaa kulia kwangu. Nikatia ganda tupu mahali pake, nikaushika mpini kwa mkono wangu wa kushoto, nikavuta. Ulishuka laini, bila ubishi. Mwaka mzima nilikuwa nikipigana na ule mwingine nikidhani sijui kazi.

Nilitamani ukwame, maana ukishuka kazi yake inakuwa yangu. Nasema kweli, nilitamani ukwame, niifungue mashine yote, niirudishe walikoitoa, turudi kwa Boyd na masharubu yake, na Verlin ainame, apapase chuma, aseme hii hapana. Ningezunguka naye maduka yote ya Montana. Ningekasirika mpaka kiama.

Haukukwama. Verlin akanyoosha mkono, akazungusha kichwa, kikajigonga mahali pake.

"Tena," akasema.