Damu ya Madume

Dume alimdonoa kidole, lakini Mama Nyavu hakumwachia. Alimlaza chali kiganjani, akamchoma sindano chini ya bawa, akagusisha tone la damu kwenye kikaratasi. Riziki yake ndiyo hiyo: kutega ndege weusi wa mikia mirefu, kuwatoa damu, kisha kuwaachia warudi kupigana.

Maana walipigana hasa. Uwanja mzima ulijaa maduara ya nyasi zilizokanyagwa, kila dume na lake, akirukaruka humo majike wamwone. Jirani akivuka mpaka, kucha za macho.

"Hawa karibu wote ni ndugu, mama," mtaalamu wa damu aliyemlipa kwa kazi hiyo alikuwa amemwambia. "Viwanja vingine vimelimwa, damu ngeni haiingii tena. Na hiki kikienda, wamekwisha."

Trekta liliingia bila kupunguza mwendo. Likaumeza wavu wa kwanza pamoja na dume aliyenasa. Plau ikamtema nyuma, vipande viwili.

Kwenye usukani alikaa mdogo wake, yuleyule ambaye yeye Mama Nyavu alimbeba mgongoni siku walipofukuzwa kwenye ardhi hii hii.

Mama Nyavu alichomoa mti wa wavu, akamtandika nao begani. "Shuka!"

"Dada, una wazimu? Bosi kanituma!"

"Na waliomvunja baba mbavu hapahapa, walitumwa na nani? Si watoto wa baba mkubwa wale?"

"Hayo ya zamani bwana..."

"Ya zamani mdomo wako!"

Pigo la pili lilimpasua nyusi. Mdogo mtu akaruka chini, akamzaba dada yake kofi lililombwaga kwenye mfuo, akamkalia, akamkaba koo. Mwenye shamba hakuwepo. Hajapata kuwepo hata siku moja. Yeye huchagua tu ni ndugu yupi ashike fimbo.

"Nisipolima nitakula nini? Eh? Nile ndege wako?"

"Zima... zima trekta..."

Damu ya nyusi ilimdondokea dada mtu usoni, ikamwingia mdomoni. Akaitema.

Injini iliendelea kunguruma. Dume mmoja alitua kwenye udongo uliopinduliwa, palepale palipokuwa duara lake, akaanza kurukaruka. Wa pili akamshukia kichwani.

Mdogo mtu aligeuka kutazama. Vidole vyake vililegea shingoni mwa dada yake, lakini havikutoka.