Majibu Safi ya Kipchumba

Macho ya dada yangu Jeruto yalipogeuka manjano, tulikwenda hospitali mjini Eldoret. Daktari alitueleza polepole. Ini lilikuwa limevimba, lakini si kwa virusi. Kinga ya mwili wake ndiyo iliyokuwa ikilishambulia. Ugonjwa hauambukizi. Alimpa tembe za kila siku, akamwonya asiziache ghafla.

Mumewe, Kipchumba, alikuwa Moiben akivuna mahindi. Alichosikia ni hepataitisi tu, yaani homa ya ini, na redioni walisema ile ya B huambukizwa kwa damu na kitandani. Akaenda kupimwa peke yake. Alirudi na karatasi, akaiweka mezani.

"Mimi niko safi. Sasa huyu ameitoa wapi?"

"Shemeji, hata yeye hana virusi," nikasema. "Uliza daktari."

"Wewe unamfunika. Kila Jumamosi mnaenda wapi? Kwaya?"

"Kwaya," Jeruto akajibu. "Ungekuja ungesikia vile tunaimba vibaya."

Kofi likamwangusha kwenye kochi.

Tangu siku hiyo alitengewa kikombe cha plastiki. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ambacho yeye mwenyewe alikipaka mkaa kwa miaka tisa, akakatazwa kukigusa. Tembe zilimvimbisha uso, na Kipchumba akasema hiyo ni mimba ya huyo mwanamume wa Jumamosi. Akazimwaga zote chooni.

Jeruto hakuniambia. Nilipomtembelea baada ya wiki mbili, alikuwa manjano hadi kwenye viganja, na tumbo limejaa maji. Nikamshika mkono twende hospitali. Kipchumba akasimama mlangoni na fimbo ya ng'ombe.

"Anaenda kwa nani?"

Alimpiga mgongoni, mabegani, kisha usoni. Nilijitia katikati, akanivunja kidole. Damu ilimtoka Jeruto puani na kwenye fizi. Tulikandamiza na kanga, na kanga ikalowa. Kisha akatapika damu, nyingi, nyeusi. Jirani yao Lusweti alisikia nikilia, akatupakia kwenye pikapu yake.

Alifariki Alhamisi. Daktari alimwambia Kipchumba mbele yetu kwamba ini lililochoka haliwezi kugandisha damu, na kwamba mke wake hakuwahi kuwa na virusi.

"Hakuna mtu aliniambia," Kipchumba akasema.

Tulikuwa nje ya mochari. Kaka yetu Kipyego alimpiga na rungu mdomoni, na meno yakaanguka kwenye saruji. Akampiga tena akiwa chini, kwenye mbavu, kwenye mkono ule ulioshika fimbo, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika.

"Mama, mshike ndugu yako," mlinzi akaniambia.

Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwa Kipyego. Kipchumba aliniita shemeji, mara mbili. Nilikuwa nimebeba gauni la buluu ambalo Jeruto angevalishwa. Nililikumbatia, nikasimama pale pale, nikaangalia.