Mgongo wa Mshamu

Siku Mshamu alipomwoa Mwanahalima, alisema mbele ya shangazi zake wote kwamba mwanamke huyu hatazeekea Mohoro bila kuiona Unguja. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata mto ulijaa ukachukua mpunga. Uliofuata huo akazaliwa Mwantumu. Kisha matanga, kisha viboko wakaingia shambani. Kila ulipoandama Mfungo Nane, mwezi wa harusi yao, Mwanahalima alimuuliza mumewe kama safari ya ng'ambo ni mwaka huu au wangoje kwanza wapate vitukuu. Mshamu alijibu kwamba Unguja haihami.

Mwaka wa ishirini hakumuuliza. Mwantumu alikwisha kuolewa Chumbi na alikuwa na mtoto, na tangu Mdachi alipoleta shamba la pamba la lazima, hakuna aliyezungumza habari za matembezi. Mshamu mwenyewe mwaka uliopita alichelewa siku moja palizini, akalazwa kifudifudi akachapwa viboko ishirini na tano. Mwanahalima ndiye aliyemkanda kwa mafuta ya nazi mwezi mzima. Kwa hiyo Mshamu aliporudi kutoka Chumbi, alikokwenda kumtazama mjukuu, akamwambia mkewe afunge mizigo kwa kuwa chombo cha boriti cha nahodha Sadala kinaondoka Jumatatu, Mwanahalima alimshika paji la uso aone kama ana homa.

Hakuwa na homa. Siku mbili walikaa juu ya boriti za mikoko, Mwanahalima akitapika na Mshamu akimsimulia uzuri wa safari, mpaka wakashuka Unguja na kupokewa mtaa wa Ng'ambo na Mwanamkuu, binti wa mama mkubwa wa Mwanahalima. Mwanamkuu alikuwa mjane mkarimu mwenye maneno mengi. Aliposikia wametimiza miaka ishirini, aliwaachia chumba chake chenye kitanda cha samadari, kirefu kwenda juu hata kikapandiwa kwa kibago, kigoda cha kukanyagia, akakifukiza udi, akatoka huku akijichekea.

Mshamu alikitazama kile kitanda kama mtu anayetazama mto wenye mamba. Akasema mgongo wake hauwezi godoro laini. Akatandika mkeka sakafuni, mbali, karibu na mlango, akalala.

Mwanahalima alisema ni uchovu wa bahari. Siku ya pili alisema ni ugeni. Siku ya tatu alimwona mumewe akimsaidia jirani kushusha magunia ya mchele, matatu, moja baada ya jingine, na jioni mgongo ukarudi kuwa mbovu. Mchana Mshamu alikuwa mume ambaye mwanamke yeyote angemtamani. Alimpeleka Forodhani, akamnunulia doti jipya la leso, akamngoja kwa subira alipokuwa akichagua shanga. Lakini mkewe akimgusa mkono, Mshamu aliuvuta kama aliyeshika jungu la moto, kisha akaomba radhi.

"Ana mwingine huyu," alisema Mwanamkuu.

Mwanahalima hakuamini. Mumewe hakuwa mtu wa kuficha hata sukari. Alimjibu dada yake kwamba mgongo ukiuma hutibiwa, na asubuhi ya siku ya tisa akamwita Bashiru, mpiga chuku wa mtaa ule, mzee mwenye mikono mizito. Alifika na pembe zake tatu za kuumika damu na wembe, akazipanga juu ya kitambaa uani. Mshamu alipoitwa, alikuta mkeka umetandikwa na wanawake wawili wamekaa kungoja.

"Kaa, baba Mwantumu," Mwanahalima alimwambia kwa upole. "Miaka ishirini wewe ndiye unayenipiga chuku mimi. Leo na wewe upigwe kidogo."

Mshamu alivua shati. Bashiru aliona makovu ya kiboko, akayapapasa, akauliza maumivu yako wapi hasa. Mshamu alionyesha juu, kisha chini, kisha upande. Wembe ulipong'aa karibu na bega, aliruka kutoka mkekani, akasema damu yake isimwagwe, dawa itaharibika.

"Dawa gani?" aliuliza Mwanahalima.

Bashiru akakusanya pembe zake bila kuambiwa. Mwanamkuu hakutaka kuondoka, lakini Mwanahalima alimtazama mpaka akaondoka. Ndipo Mshamu alipoyamwaga. Chumbi alipita tu. Yeye na Haruni, jirani yao, walikwenda mpaka Ngarambe, mahali watu walipomiminika kwa maelfu kunywa maji ya mganga, maji yanayogeuza risasi za Mdachi kuwa matone ya mvua. Walikunywa, wakanyunyiziwa, wakapewa miiko: aliyekunywa asimkaribie mwanamke mpaka vita viishe. Na vita vilikuwa karibu. Habari ikija, wanaume wote waliokunywa watainuka.

"Sasa Unguja tumekuja kufanya nini?"

"Nilikuahidi," alisema Mshamu. "Nikifa, nisife na ahadi yako shingoni."

Mwanahalima alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia hajapata kumsikia mwanamume aliyempeleka mkewe fungate naye amefunga, tena saumu isiyojulikana Idi yake. Mshamu naye akacheka, kwa haya. Kisha akageuka kuokota shati lake, na Mwanahalima akauona ule mgongo kwa mwanga wa mchana, kicheko kikamkauka. Aliingia chumbani akakaa peke yake hadi adhuhuri.

Siku ya kumi na nne nahodha Sadala alirudi na boriti nyingine, na habari. Wamatumbi wameng'oa pamba. Samanga imechomwa moto. Chombo chake kitarejea Jumamosi alfajiri, akipata upepo. Mshamu alisikiliza akiwa amesimama, akaenda moja kwa moja kufunga kifurushi chake.

Mwanahalima hakulia wala hakumzuia. Ijumaa alimpa Mwanamkuu ruhusa ya kwenda kwa shoga yake, ruhusa ambayo Mwanamkuu hakuiomba, katika nyumba yake mwenyewe. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akaoga, akafunga doti jipya, akajifukiza udi. Mshamu aliporudi kutoka sala ya Ijumaa alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaona mkeka wake umekunjwa na kuwekwa juu ya kabati.

"Sitakuomba usiende," mkewe alimwambia. "Nakuuliza tu. Umenileta huku kunitimizia ahadi, au kunitupa?"

Mshamu alisema hamtupi. Akasema tena, kwa sauti ndogo. Kibago kilikuwa pale pale mbele ya kitanda, naye alikuwa mtu aliyempenda mkewe. Wali ulipoa.

Jumamosi chombo cha Sadala kiliondoka bila yeye. Mwenye kuvunja mwiko hafai vitani. Huvunja dawa ya wenzake pia, na hilo Mshamu alilijua. Siku ya nne alisema, "Umenivunjia dawa."

"Nimekuvunjia, na nilikusudia," Mwanahalima alijibu. "Ukitaka kuniacha, niandikie talaka. Lakini utaiandika ukiwa hai."

Hakuandika. Alipata kazi ya kushusha boriti bandarini, mkewe akasuka mikeka, wakangoja. Mwezi wa Shaabani wakasikia kwamba Haruni alipigwa risasi nje ya Mohoro, kifuani, akikimbia mbele na si nyuma. Mshamu alikaa kwenye ngazi ya nyumba akalia waziwazi, wapita njia wakimtazama, na Mwanahalima akakaa kando yake bila kumgusa.

Walirudi masika yalipokaribia. Mwantumu na mtoto wake walikuwa hai, wamekonda. Mwantumu alilitazama tumbo la mama yake, lililokuwa halifichiki tena, akauliza ni maradhi gani hayo ya ng'ambo. Mwanahalima alimwambia amuulize baba yake. Baba yake alikumbuka kwamba mtumbwi haukufungwa vizuri.

Mohoro walimwita mwoga. Mshamu hakujitetea, wala hakumtaja mkewe. Mwanahalima ndiye aliyesema mwenyewe, mtoni, mbele ya wanawake wote, kwamba yeye ndiye aliyemzuia na kwa njia gani, na anayetaka kumtukana mtu amtukane yeye. Tabu, mjane wa Haruni, alikuwapo. Aliinua ndoo yake akaondoka.

Mtoto alikuja wakati wa njaa, mchana. Mwantumu alikuwa Chumbi na mkunga alikuwa mgonjwa. Aliyeingia ni Tabu, na kuni kichwani. Alisema hakuja kusamehe, amekuja kwa sababu maji lazima yachemshwe na mtu. Kisha akamwona Mshamu akizunguka nyumba, akichungulia dirishani, akiuliza maswali yasiyo na majibu, akamtolea jembe.

"Mpunga wangu umeshikwa na magugu," alimwambia. "Nenda huko, shemeji, utuondokee."

Mshamu alichukua jembe akaenda.