Dakika Tatu za Daktari Wamboga

Daktari Wamboga alikuwa mtu wa saa. Alirudi nayo kutoka Ulaya mwaka ule wa themanini na saba, wakati watu wengine walikuwa wakirudi makwao na godoro lililotobolewa na risasi, na bado wanashukuru. Akiingia wodini, jambo la kwanza ni kukunja mkono wa shati ili kila mtu aione. Sista Zulaika, aliyeanza kazi ya uuguzi daktari huyo angali akijipangusa kamasi kwa kiganja, aliitazama saa ile na kujisemea kwamba hata majogoo wa kitongoji cha Bugembe wanajua wakati, na hakuna aliyewaita madaktari.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji wa Jinja. Vita vilikuwa vimeichukua mitungi ya hewa, vitanda na hata vitasa vya milango, vikabakiza wauguzi saba na wodi mbili. Sasa vita vilikuwa vimehamia upande wa Teso, na wakubwa wakaamua kwamba huu ndio wakati wa utafiti. Wakamleta Wamboga. Swali lake lilikuwa moja: mgonjwa moyo ukimsimama, asukumwe kifua kwa muda gani kabla ya kuachwa? Vitabu vilisema watu wasichoke upesi. Wamboga alisema dakika tatu.

"Nchi inatoka kwa vita," alieleza, kwa Kiswahili alichokishika kwa ncha za vidole, maana kwake kilikuwa lugha ya kambi za askari. "Hatuna mikono ya kupoteza. Dakika tatu, moyo unakataa, unaacha. Unaenda kwa mgonjwa mwingine."

Mikono yenyewe, bila shaka, haikuwa yake. Ilikuwa ya Zulaika na ya Namono, muuguzi mwenzake. Wao walisukuma hadi jasho likawadondokea maiti, yeye akasimama kando akiangalia saa, kisha akasema, "Basi." Hapo waliondoa mikono, naye akatoka kwenda wodi nyingine.

Zulaika hakubishana. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa kutoka Sudan enzi za Mwingereza, na mwaka wa sabini na tisa, serikali ya kijeshi iliyowategemea Wanubi ilipoanguka, alifukuzwa mjini kama kwamba yeye binafsi ndiye aliyeitawala nchi. Alikaa miaka saba katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Alirudi, akapewa tena sare yake nyeupe, na hakutaka kuivua kwa ajili ya mdomo. Kwa hiyo alinyamaza, akasukuma, akaacha alipoambiwa aache.

Baada ya mwaka mmoja na nusu daktari alifungua daftari la wodi, akahesabu, kichwa kikavimba. Mioyo thelathini na moja ilisimama, na wagonjwa ishirini na wawili walitoka hospitalini hai. Hata huko Ulaya, alisema, hakuna aliyepata kitu kama hicho. Kamati ya madaktari ingekaa Mbale siku ya Jumamosi, na ikikubali, amri ya dakika tatu ingekwenda katika kila hospitali ya mashariki.

"Sista, wewe utaniletea hawa watu," alisema. "Hata tano tu. Wavae vizuri, tunapiga picha."

Zulaika alijua hesabu nyingine. Katika wale ishirini na wawili, waliokuwa hai kweli ni wanne, na wote wanne waliamka kabla saa ya daktari haijamaliza hata dakika ya kwanza. Kumi na wanane waliobaki walikuwa makaburini.

Mambo yalianza hivi. Barabarani palikuwa na vizuizi vya jeshi, na maiti haikupita bila barua ya polisi. Barua ilichukua siku mbili, wakati mwingine tatu, na Mwislamu anatakiwa azikwe siku ileile. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye wanawe walijaribu kupita naye bila barua. Askari wakaifungua sanda kwa ncha ya singe, pale njiani, wakitafuta bunduki. Wana wale walirudi kumweleza Zulaika wakiwa hawawezi kumtazama usoni. Tangu siku hiyo, kila aliyekufa ambaye ilibidi asafirishwe kwenda kuzikwa kwao, Zulaika alimwandikia karatasi ya kuruhusiwa: mgonjwa, yu hai, anakwenda kwao. Jamaa walimvika nguo, wakamketisha ndani ya gari katikati yao, wakapita. Na kwa kuwa askari waliwahi kuja kukagua daftari, daftari nalo liliandikwa vivyo hivyo. Wodi nzima ilijua, kuanzia wapishi hadi mfagizi. Asiyejua alikuwa daktari peke yake, maana yeye alisoma daftari tu, wagonjwa hakuwasoma; akikuta aliyemwachia kwa "Basi" ameandikwa hai, aliamini moyo uliamka wenyewe baada ya yeye kutoka.

Zulaika angeweza kumwambia palepale. Lakini hasira ilimpanda, akaona heri macho yake mwenyewe yamfundishe. "Twende, daktari," alisema. "Nitakupeleka kwao."

Walianzia Budondo, kwa mzee Mugweri. Wamboga alishuka na kamera shingoni, akauliza mwenyeji yuko wapi. Binti wa marehemu akamwonyesha kwa mkono nyuma ya migomba. Daktari akaenda, akakuta kaburi, akarudi uso umemshuka.

"Alikufa lini?"

"Siku ileile aliyotoka kwenu," alisema binti.

Nyumba ya pili ikawa kaburi, ya tatu kaburi. Kwenye ya nne daktari alikataa kushuka garini. Zulaika akamsimulia yote, tangu singe hadi karatasi, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahia. Alidhani mtu huyo sasa ataona haya.

Haya gani. Ijumaa walikwenda Mbale, na daktari, ambaye hakutaka kusadiki hata baada ya makaburi yale, alikuwa bado ana matumaini ya jina moja la huko. Mubaraka, mwenye duka la vitambaa, moyo ulimsimama mchana akiwa safarini Jinja. Mkewe Mariat alikuwa nyumbani, akawakaribisha, akawamiminia chai. Mubaraka, alisema, walimzika siku ileile jioni. Kisha akamgeukia Zulaika.

"Sista, kuna neno nimekuwa nikitaka kukuuliza siku nyingi. Tulimketisha kati yetu, mimi na shemeji yangu Adrisi, kama ulivyotuelekeza. Pale kizuizi cha Iganga askari akachungulia. Mume wangu akashusha pumzi. Ndefu, Sista, nikaisikia shingoni. Na kidole chake kikanikuna goti. Nikataka kupiga kelele, Adrisi akaniminya mkono, akasema nyamaza, ni gari linamtikisa, tutakamatwa. Askari akasema huyu mgonjwa amezidiwa, piteni haraka. Mimi nikasema Mungu ametusaidia. Tulipokaribia Bugiri akapumua tena. Halafu basi." Akaweka birika chini. "Hivi maiti hupumua?"

Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu. Zulaika akakitazama kikombe chake. Aliikumbuka siku ile vizuri. Mubaraka alikuwa na joto bado, Namono alitaka kuendelea, daktari akasema "Basi," na yeye, Zulaika, ndiye aliyemshika Namono mkono na kumtoa. Kisha akachukua kalamu akaandika kwamba yu hai, akawafundisha watu wake kujifanya anapumua. Naye alipopumua kweli, hakuna aliyeamini.

"Ni hewa," alisema Wamboga. "Hewa inabaki kwa mapafu. Gari linatikisa, inatoka." Akaangalia saa yake, akaaga.

Nje, Zulaika alimfuata hadi kwenye gari.

"Kesho uwaambie," alisema. "Waambie wanne tu. Na waambie habari ya huyu."

"Kwa karatasi alitoka hai. Wote walitoka hai kwa karatasi. Hesabu yangu iko sawa."

"Kumbe sasa Mubaraka alikuwa hai? Ndani alikuwa hewa."

Daktari alifungua mlango wa gari. Aliposema tena alisema polepole, kwa upole wa mtu aliyeshika mpini. "Sahihi ni yako, Sista. Yote kumi na nane. Wakubwa wa jeshi wakisikia kuna Mnubi alikuwa anaandika karatasi za uongo za kupita vizuizi wakati wa vita, watauliza alipitisha nini kingine. Mimi sitakuwa na jibu. Kesho uje, ukae mbele, utabasamu." Akaondoa gari kwenda zake nyumbani kwao, mtaa wa Nkoma, hapohapo Mbale.

Jumamosi Zulaika alikuja na kukaa mbele. Alivaa sare yake, imepigwa pasi. Wamboga alisema kwa nusu saa, akachora mistari ubaoni, na kila mstari ulipanda. Maneno yalikuwa matamu kiasi kwamba madaktari wazima, watu wenye wake na watoto, walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakifurahia kwamba kuanzia sasa wataruhusiwa kuchoka mapema. Ukutani, karibu na mlango, aliketi afande mmoja wa tiba ya jeshi, mwalikwa, akiandika.

Zulaika akasimama kabla hajaitwa. Alisema kwa Kiswahili ambacho kila askari alikielewa, kwa sauti, na yule afande akaacha kuandika. Aliwaambia waliokuwa hai ni wanne. Aliwaambia juu ya karatasi na vizuizi na nani alitia sahihi. "Kumi na wanane niliwatoa kama wazima nao ni maiti," alisema. "Sijutii kuwafikisha makwao. Lakini mmoja wao, Mubaraka wa hapa Mbale, alipumua mara mbili njiani. Saa ya daktari ilisema tuache, nami nikaacha. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nimekuwa nikimcheka daktari huyu mwaka na nusu, na mikono iliyoondoka kwenye kifua kile ni yangu."

Wamboga aliruka juu. "Amekubali mwenyewe ni mwongo. Mtamwaminije mwongo?"

Mwenyekiti, Daktari Nambozo, mama mnene asiyependa haraka, alimwashiria aketi. "Kama ni mwongo, Wamboga, basi daftari ni la mwongo, na wewe umetuletea daftari." Akalifunga jalada lililokuwa mbele yake. "Amri haitoki. Sista, wewe uliyesukuma. Mtu asukumwe kwa muda gani?"

"Sijui," alisema Zulaika. "Sisi tulikuwa na mikono tu. Tulidhani mwenye saa amekuja kututafutia hilo, kumbe anatafuta ruhusa ya kuacha."

Yule afande alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

"Itabidi uyaandike hayo na kutia sahihi," alisema Nambozo. "Unaelewa yatakayokupata?"

"Naelewa."

Akapewa karatasi na kalamu. Akaandika jina la Mubaraka kwanza, na mbele yake akaandika: sijui kama alikuwa amekufa.