Mtetea wa Febronia na Waraka wa Sindano

Febronia alikuwa akipepeta uwele uani kwake, Ihanja, alipomwona mtetea wake mwekundu akimeza sindano. Ilikuwa sindano ya mwanawe Mughwai, aliyoitupa jalalani baada ya kujidunga. Kuku alisugua mdomo chini, kama afanyavyo akimeza punje, akaenda zake kivulini.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ruksa ilileta mitumba, redio za kaseti na sabuni za kunukia, na kwa barabara hiyohiyo ikaleta unga mweupe ambao hakuna aliyeusongea ugali. Mughwai aliuzoea alipokuwa utingo wa malori. Alirudi nyumbani amekonda, akawa anajidunga pamoja na wenzake wawili, wote kwa sindano moja. Febronia alikuwa amemzika dada yake na shemeji yake kwa UKIMWI, na mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu. Aliogopa sana, na hakuona aibu kusema kwamba anaogopa.

Alikwenda zahanati kuomba sindano safi. Mganga, Chediel, alimwonyesha waraka uliobandikwa ukutani. Sindano mpya apewe mgonjwa tu, ulisema, na mtumia unga si mgonjwa, ni mhalifu. Chediel alisema pole, waraka umetoka juu.

Kesho yake mtetea mwekundu alitaga yai zito. Febronia alilichemsha, akalimenya, akakuta bomba jipya na sindano yake, vyote ndani ya karatasi iliyofungwa vizuri, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lilikuwa na joto kidogo. Akampelekea Mughwai.

"Hii ni ya kwako peke yako," alimwambia. "Ukimaliza, mpe kuku."

Mughwai alimpa kuku, na kuku akataga nyingine. Baada ya muda wale wenzake nao wakawa wanabisha hodi, wanamwamkia mama shikamoo, kila mmoja na sindano yake iliyotumika mkononi. Jirani yao Anastasia, ambaye mdogo wake alikuwa na shida hiyohiyo, alisema tu kwamba kuku wake yeye wanataga mayai mepesi, akaomba akabidhiwe mtetea.

Pale kijijini kuku hafugwi na mtu mmoja. Unamkabidhi jirani mtetea, jirani anamlea, vifaranga mnagawana, na ukoo huo wa kuku ufike popote, watu wataendelea kuwaita kuku wako. Kwa hiyo vifaranga wa Febronia walikwenda kwa Anastasia, wakaenda Ikungi kwa binamu, wakafika mpaka Mwankoko kwa watu ambao Febronia hakuwajua hata sura. Walipokua, nao wakawa wanameza sindano kuukuu na kutaga mpya.

Habari zikafika ofisi ya serikali, Ikungi. Bwana afya na bwana mifugo walikuja pamoja kwa baiskeli moja, wakabishana njia nzima. Wa mifugo alidai yai ni lake, wa afya akadai sindano ni yake. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba kuku hana kibali. Wakauliza kuku wa Febronia ni yupi. Febronia, mtu mkweli, akawaonyesha yule mwekundu, maana ndiye pekee aliyekuwa uani wakati huo. Wakamfunga miguu, wakaondoka naye. Ofisini hakuna aliyempa sindano, hivyo alitaga mayai ya kawaida mpaka alipoliwa. Ripoti ilisema tatizo limekwisha.

Siku ya mnada Ikungi, wanawake walipita mbele ya ofisi hiyo na matenga ya kuku kichwani, wengi mno, wakipiga vigelegele. Bwana afya alitoka nje akauliza kuku wa Febronia ni yupi kati ya hao.

"Wote ni wa Febronia," alijibu Anastasia, na wenzake wakaitikia.

Bwana afya alimtazama bwana mifugo. Bwana mifugo alisema wao wana baiskeli moja. Wakarudi ndani, wakafunga mlango, na vigelegele vikaendelea mpaka mnada ukaisha.

Mwaka uliofuata Mughwai na wenzake walipimwa damu hospitali ya mjini. Wote walikutwa salama. Febronia alilia kwa furaha palepale kwenye benchi, akamkumbatia kila nesi aliyepita, hata ambao hawakuhusika.

Haukupita muda mrefu, zahanati ikaletewa waraka mpya. Ulipongeza marufuku ya sindano kwa kupunguza maambukizi, ukaagiza marufuku hiyo iendelee. Chediel aliubandika juu ya ule wa zamani, akaulainisha kwa kiganja. Jioni alikwenda kwa Febronia, akamaliza kwanza chai aliyokaribishwa.

"Nina kijana wangu Manyoni," alisema.

Febronia aliingia bandani, akamchagulia mtetea mmoja mwenye afya, akamwambia vifaranga watagawana.