Oloo Bado Hajafika Chini

Asubuhi moja ya mwezi wa Shaaban, mwaka 2013, Oloo alikuwa akikaza bolti ghorofa ya tisa ya mjengo wa hoteli kule Al Wukair, nchi ya Waarabu, kulabu ya mkanda wake wa usalama ikaachia. Alikuwa ameshamlalamikia forman kwamba springi yake imelegea, na forman akamwambia aifunge kwa waya. Waya ulikatika. Oloo akaanguka na spana mkononi, na alipofika usawa wa ghorofa ya nne akasimama.

Hakukuwa na kitu kilichomshika. Alibaki hewani, nje kidogo ya ukuta, miguu ikining'inia. Forman alimtazama kwa muda, kisha akawaambia wengine warudi kazini.

Aliyepanda kumwona alikuwa Kwamboka, Mkenya mwenzake, karani wa ofisi ya usalama.

"Oloo, umeumia?"

"Sijaumia. Mgongo tu ndio umeshika. Nivute basi."

Alimvuta mkono. Mafundi wakaja na kamba, wakavuta kwa pamoja hadi viganja vikachubuka, lakini ilikuwa kama kuvuta nguzo ya stima. Kwamboka akampa chapati aliyokuwa ameifunga kwenye karatasi, naye akaila palepale.

Alasiri alifika mkuu wa usalama, Mwingereza mpole ambaye chuoni alisomea Kiingereza cha miaka elfu iliyopita. Alisimama dirishani na kikombe chake cha chai ya karak, akamjulia Oloo hali.

"Nitaandika ameanguka," Kwamboka alisema.

"Ameangukia wapi? Anayeanguka hufika chini. Ukiandika hivyo wakaguzi watakuja, kazi itasimama." Alifumba macho, akafikiri. "Kuna dreosan. Ni kuanguka, lakini pia kufifia, kupukutika. Neno zuri sana, limekufa zamani. Lilikuwa na mwenzake, hreosan, kuporomoka kama ukuta. Hilo lina kishindo, halimfai."

Aliyataja maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayewataja shangazi zake marehemu. Kwamboka alichapa kwamba fundi Oloo amepatwa na dreosan akiwa kazini. Ripoti ikapita. Waliopaswa kuisoma hawakulijua neno, na hakuna aliyependa kuonekana halijui.

"Na kwetu ni nini hiyo?" Oloo aliuliza Kwamboka alipomweleza.

"Ni kuanguka tu, ndugu yangu."

"Sasa si wangeandika tu hivyo?"

Kulabu hazikubadilishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameanguka. Joto la Julai lilipopanda, Kwamboka alimfungia Oloo mwavuli begani. Vioo vya hoteli vilipowekwa, fundi mmoja aliacha kidirisha cha kupitishia chakula, na forman akampa Oloo kitambaa apanguse vumbi pale mkono wake unapofika, asikae bure.

Mwezi wa Septemba simu ilipigwa kutoka kwao Oloo, Siaya: mama yake amefariki. Kwamboka alimshikia simu sikioni hadi ndugu zake walipomaliza kulia. Kisha akaenda kwa kafili, tajiri aliyewadhamini nchini, kumwombea kibali cha kutoka nchini.

"Anasema khuruj hupewa mtu aliyefika ofisini kwa miguu yake," alirudi kusema. "Anasema ukishuka, uende."

Oloo aliangalia mchanga chini, karibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu nyayo za watu. "Mwambie wamzike," alisema. "Wasiningoje."

Mwaka uliofuata mkataba wa Kwamboka mwenyewe uliisha. Alikuwa amekwisha kununua sanduku. Alipoomba pasipoti yake, aliambiwa ofisi haiwezi kumwachilia, maana ripoti ya Oloo huandikwa upya kila mwezi na yeye ndiye anayejua tahajia ya lile neno. Alijaribu kumfundisha karani mwingine neno hilo. Karani yule akakataa kulijifunza; naye alitaka kwenda kwao.

Machi ya mwaka huohuo, saa ya mapumziko ikikaribia, Njenga, seremala kutoka Nyeri, aliachiwa na kulabu yake ghorofa ya kumi. Alipita mbele ya vioo vyote vipya akiita mamake, akasimama hewani, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Oloo.

"Oloo?"

"Njenga. Pole."

Mwingereza alikuja na kikombe chake, akamjulia hali naye. Alisema dreosan limeshachukuliwa, ila lipo neno jingine: sigan, kushuka taratibu, kama jua linavyotua. Kwamboka akamuuliza herufi zake, naye akazitaja moja moja.

Njenga alikuwa bado akitupa miguu, akitafuta pa kukanyaga. Oloo alimwambia aache, inachosha.